Mtani Ndani ya Nyambizi

Soni nzima inamjua mjomba wangu Kristofa Shemhilu kwa jina la Kapteni, ingawa maishani mwake hajawahi kuongoza hata mtumbwi. Jina hilo alilipata kwenye kibanda umiza kilichoko nyuma ya soko, mahali ambapo kila Jumamosi alasiri alishika kipaza sauti na kuwatafsiria watu filamu. Siku nyingine zote alikuwa mkulima wa karoti na kabichi, na Jumapili aliimba besi kwenye kwaya ya usharika.

Wako watafsiri wengi wa filamu hapa nchini, na wengi wao hupenda filamu za ngumi. Mjomba alizidharau.

"Ngumi haina haja ya mtafsiri," alikuwa akisema. "Mtu akipigwa, kapigwa. Lakini wanaume wamefungiwa ndani ya bomba la chuma chini ya bahari, wamekaa kimya, wanatazama juu na jasho linawatoka, hapo ndipo mtazamaji anahitaji mtu wa kumwambia kuna nini."

Kwa hiyo filamu zake zilikuwa za nyambizi. Alizitafuta kwa wauza kanda wa Tanga, na siku hizi kwa vijana wanaozishusha kwenye simu. Nadhani alikuwa nazo zote. Alishusha sauti ya filamu hadi ikawa kama mbu, kisha akawasemea watu wote waliomo: kapteni kwa sauti nzito ya mchungaji wa Ijumaa Kuu, mpishi kwa Kishambaa, na kijana wa redio kwa sauti ya mtoto aliyepoteza mbuzi. Mabomu yaliporushwa kutoka juu aligonga meza kwa kipaza sauti hadi mwenye kibanda akamsihi aache. Na nyambizi ilipotoboka na maji kuanza kuingia, hapo ndipo Kapteni alipokuwa Kapteni kwelikweli. Kila aliyekufa alipewa neno la mwisho.

"Mwambieni mama Tatu lile jembe halikuwa letu, tuliazima!"

Kibanda kilivunjika mbavu. Watu ambao hawajawahi kuiona bahari walicheka hadi wakafuta machozi kwa ncha za khanga, na baharia wa kigeni akazama zake huku mdomo ukimchezacheza bila sauti.

Kuna jambo jingine la kumwelewa mtu huyu. Sisi Wasambaa watani wetu ni Wazigua wa huko chini, na mjomba ana watani wengi pale Mombo. Akifa mtu upande wao, wanamtumia ujumbe: "Kapteni, umekufiwa na mtani." Anaacha jembe, anateremka mlima. Huko anavaa koti la marehemu, anatembea mwendo wake, anadai chai kwa sauti yake, analala njiani wakati jeneza linapopita na kusema haondoki mpaka arudishiwe kuku wake. Nimemwona kwa macho yangu mjane ambaye hakuwa ametia kitu kinywani tangu kifo kitokee akimtazama mjomba akikohoa kikohozi cha mumewe, akaangua kicheko, akalia, kisha akaomba uji. Kazi ya mtani msibani ni hiyo. Anamrudisha marehemu kidogo, watu wanamcheka kwa mara ya mwisho, halafu wanamwacha aende. Ndugu wenyewe hawawezi kuifanya. Mtu anayeona ni upuuzi hajafiwa bado.

Haya mawili, filamu na utani, ndiyo yaliyomponza mwaka juzi.

Usharika wetu una urafiki na usharika mmoja wa kaskazini mwa Ujerumani, kwenye mji wa bandari. Wao huja, nasi huenda. Mwaka juzi ilikuwa zamu ya kwaya kwenda, na besi mmojawapo akawa mjomba. Alipangiwa kukaa nyumbani kwa mama mmoja mjane, mwenye miaka themanini, mwembamba, mnyoofu kama mti wa mvule mchanga. Jina lake Hannelore. Mjomba hakujua Kijerumani zaidi ya "danke", na mama yule hakujua Kiswahili zaidi ya "asante", kwa hiyo asubuhi walikuwa wakishukuriana mezani kwa lugha mbili. Kila siku mama alimchemshia yai na kulifunika kwa kikofia cha sufu lisipoe. Mjomba aliporudi alituonyesha kwa vidole ukubwa wa kikofia kile. Hakutuonyesha akicheka.

Siku moja mama Hannelore akasema anataka kuwapeleka wageni mahali. Mkalimani alikuwa Edgar, mwinjilisti wetu, aliyesoma Kijerumani chuoni. Akawaeleza wanakwaya wote, mjomba akiwemo: ufukweni kuna nyambizi ya zamani ya kivita, sasa ni makumbusho. Baba yake mama huyu alikuwa baharia kwenye nyambizi ya aina hiyohiyo, ikazama vitani, haikupatikana mpaka leo. Kaburi hana. Kwa hiyo kila mwaka huenda kuweka maua kwenye hiyo iliyobaki.

Mjomba, aliyetazama nyambizi kwa miaka mingi kuliko alivyotazama shamba lake, hakulala vizuri usiku wa kuamkia safari hiyo. Alisema alijiona kama mtu anayekwenda kuonyeshwa nyumba alimozaliwa.

Nyambizi ilikuwa imepandishwa juu ya nguzo mchangani, ndefu, ya kijivu, imetobolewa ubavuni pawekwe ngazi. Waliingia mmoja mmoja. Jambo la kwanza lililomshtua lilikuwa nafasi. Kwenye filamu wanaume wanakimbia mle ndani, wanapishana, wanakumbatiana. Hapa mabega yake yaligusa mabomba kushoto na magurudumu ya vali kulia. Harufu ilikuwa ya mafuta ya mashine na chuma baridi. Njia ni moja tu, unaingilia nyuma na kutokea mbele, na huwezi kurudi kwa sababu watalii wengine wako nyuma yako. Na kutoka chumba hadi chumba hakuna milango, kuna matundu ya duara. Unashika chuma cha juu, unainua mguu, unainamisha kichwa, unajipitisha kama mtu anayeingia kwenye pipa.

"Walikuwa wanaishi humu?" aliuliza. "Wanakula humu?"

"Na kulala," Edgar akajibu. "Kitanda kimoja watu wawili, kwa zamu."

Walipofika kwenye vitanda, mama Hannelore alisimama. Akaweka maua yake, machache, meupe, juu ya godoro jembamba. Akaweka na mkono. Hakutoa sauti, ila mabega yakaanza kutetemeka.

Hapa naomba msomaji aelewe mjomba aliona nini, kwa sababu watu wengi wamelisimulia jambo hili kama kichekesho. Aliona mfiwa. Aliona mama mzee ambaye amelia peke yake kila mwaka tangu ujana wake, hakuna jirani wala wimbo, na hakuna mtani hata mmoja wa kumvalia marehemu koti. Akahesabu haraka kichwani: Wazigua ni watani wetu kwa sababu zamani tulipigana nao. Na hawa je? Hawa walikuja mlimani kwetu na bunduki, walimnyonga mtawala wetu. Basi kama vita ndiyo huzaa utani, watani wa Wajerumani ni nani kama si sisi?

Akapanda kitandani.

Akajilaza chali kando ya maua, akafunika uso kwa kofia, akakoroma. Kisha akainua kofia, akamtazama mama yule, na kwa sauti ya kijana aliyeamshwa kabla ya zamu yake akasema:

"Mwanangu! Nakungoja miaka yote hii na njaa yangu, unaniletea majani? Nimekuwa mbuzi?"

Kwaya ilicheka. Ilicheka kama watu wanavyocheka msibani, kwa kushtuliwa, kutoka tumboni. Na Edgar, ambaye kwa siku nyingi alikuwa akitafsiri kila kitu kilichosemwa bila kukipima, akatafsiri na hilo. Neno kwa neno. Alipofika kwenye mbuzi ndipo akaelewa anachosema, lakini lilikuwa limekwishatoka.

Mama Hannelore akageuka, akaondoka.

Angekuwa nyumbani angefunga mlango. Angekuwa barabarani angeongeza mwendo. Ndani ya nyambizi hakuna pa kwenda. Ilimbidi ashike chuma cha juu, ainue mguu wa miaka themanini, ainame, na mguu ukakataa. Akajaribu tena. Wote waliona. Soksi yake ilinasa kwenye skrubu ikachanika. Hakuna aliyeweza kupita kumsaidia kwa sababu waliokuwa karibu naye ni waimbaji wawili wa soprano waliobanana na bomba, na aliyekuwa katikati ya njia, miguu ikining'inia kitandani, ni mjomba. Baada ya tundu lile kulikuwa na jingine, na baada ya hilo jingine. Kicheko kilikwisha kwenye tundu la kwanza. Waliobaki walimfuata nyuma kwa mwendo wake, kimya, kama wanaume wale wa kwenye filamu, hadi mlango wa kutokea.

Asubuhi iliyofuata mjomba alikuta yai mezani, limefunikwa.

"Angenitupia lile yai," aliniambia, "ningerudi nyumbani mzima."

Edgar hakuwepo, na mjomba alitaka kuomba radhi. Akatafuta neno. Alikuwa na "danke" peke yake. Akasema "danke". Mama yule akaitikia kwa kichwa, akaenda kusimama dirishani. Siku zilizobaki walikula hivyo, na siku ya kuondoka alimpeleka mwenyewe kituoni, akampa mkono, bila kumtazama.

Sasa njoo kwetu. Kijana mmoja wa sauti ya tena, Alen, alikuwa ameinua simu wakati wote ule. Video ilitumwa kwenye kundi la kwaya, na kutoka hapo ikaenda ilikotaka. Ilifika Mombo kabla ya begi la mjomba. Aliposhuka kwenye gari pale Soni, wapakiaji wa fuso za kabichi walipiga miluzi.

"Kapteni! Umekuwa mbuzi?"

"Umewapasha, Kapteni! Walidhani Msambaa ni wa kuimba tu!"

"Siku ile ningekuwepo ningekuongezea majani!"

Hiyo ndiyo adhabu aliyopewa mtu huyu. Alirudi na aibu kifuani, akakuta mji mzima umeifanya sifa. Muuza pichesi alimpunguzia bei. Watoto wa shule walimwigiza njiani. Kibandani walimsubiri, pamejaa hadi nje. Akaweka filamu, akawasemea vizuri, wakacheka vizuri. Nyambizi ikatoboka. Maji yakaanza kuingia, wanaume wakaanza kushikana, midomo ikafunguka. Mjomba akanyamaza.

"Wanasema nini, Kapteni?" mtu akauliza.

"Wanakufa."

"Tunaona wanakufa! Wanasema nini?"

"Mengine sijui," akasema, akaongeza sauti ya filamu, watu wakasikia kwa mara ya kwanza wanaume wale wakipiga kelele kwa lugha yao. Wengine walidai warudishiwe kiingilio. Tangu siku hiyo hakurudi kibandani.

Shangazi Modesta, mkewe, alimvumilia kwa wiki chache. Kisha akamwambia mbele yetu sote wakati tunamenya ndizi: "Mume wangu alikwenda Ulaya na sauti, wamenirudishia masharubu tu. Nikadai kwa nani?"

Mjomba hakucheka.

Mimi nilimwambia wazi kwamba haoni aibu ya haki. Nilimwambia watu waliowachapa babu zetu viboko wajenge reli, wakachukua mlima wakaugeuza shamba la kahawa, wakauacha na makaburi, leo hatuwezi kuwaomba radhi kwa kicheko kimoja. Waanze wao. Niliyasema kwa hasira na bado nayaamini. Deni hilo lipo na siku moja litaulizwa mahali panapostahili.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa akipalilia, hakuinuka.

"Huyu mama hakumchapa mtu kiboko," akasema. "Alinichemshia yai."

"Si yeye, mjomba, ni..."

"Nami sikuifanyia nchi yake. Nilimfanyia yeye. Wewe ukitaka kudai Ujerumani, dai. Mimi nadaiwa na mtu mmoja, nataka nimwone uso kwa uso nimwambie. Basi. Sina kingine ninachokitaka."

Mwaka jana ikawa zamu yao kuja, na kwenye majina ya wageni lilikuwemo la mama Hannelore. Mjomba alinyoa, akanunua shati. Lakini kamati ya mapokezi ilikaa kikao na kuamua kuwa Kapteni asionekane. Mwenyekiti alikuja mwenyewe nyumbani, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Shemeji, hatukufukuzi. Tunasema tu usikae mbele. Wageni wana mioyo yao. Kuna mradi wa maji unaongojea."

"Nataka kumwomba radhi."

"Radhi tutamwombea sisi, kwa jumla. Kwenye risala."

Kwa jumla! Ndivyo tunavyofanya mambo yetu. Mtu ana aibu yake, mbichi, ya kwake, tunamnyang'anya, tunaikunjia ndani ya risala kati ya salamu na mahitaji, ili mradi wa maji usitetereke. Mjomba hakubishana. Akapangiwa kupasua kuni nyuma ya jiko la usharika.

Kwetu mtu aliyekosa sana hajipeleki, hutanguliza mtu. Mjomba alikuwa na mtu mmoja tu anayeweza kusema lolote mbele ya yeyote bila kukamatwa ulimi: Mwanahamisi, mtani wake wa Mombo, Mzigua, muuza machungwa stendi. Akampigia simu. Siku ya wageni, wakati ukungu bado umelala juu ya maturubai na kwaya inaimba wimbo wa nne, Mwanahamisi akatokea nyuma ya jiko amejifunga khanga mbili na sweta la kiume.

"Baridi gani hii? Ndiyo maana mna akili zilizoganda," akasema. "Nimepanda mlima mzima kwa ajili ya Msambaa aliyeshindwa kunyamaza ndani ya bomba. Yuko wapi huyo mama?"

"Mbele, meza kuu. Lakini kamati..."

"Kamati ni watani zangu wote. Weka shoka chini. Na ufute pua."

Alipita katikati ya maturubai kama mtu aliyealikwa. Mwenyekiti akainuka kumzuia. Akamwambia, "Kaa, Msambaa, kabichi zako zinaungua," watu wakacheka, mwenyekiti akakaa. Akafika kwa mama Hannelore, akapiga goti kidogo, akamshika mkono.

"Shikamoo mama. Mwinjilisti, tafsiri, na safari hii pima. Mwambie mimi ni Mwanahamisi. Kuna mtu wangu yuko jikoni. Alikuja kwenye msiba wako bila kuitwa. Kwetu jambo lile hufanywa, lakini hufanyiwa mtu anayelijua. Mwambie utani una pande mbili, na yeye alileta upande mmoja. Amekonda. Anaomba kukuona. Ukikataa, nitashuka naye Mombo akauze machungwa."

Edgar alitafsiri polepole, jasho likimtoka kwenye baridi ile. Mwishoni akaongeza, nilimsikia kwa sababu alirudia kwa Kiswahili: "Nami nilikosa. Mimi ndiye niliyelifikisha kwako."

Mama Hannelore alisikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka, akachukua fimbo yake, akaenda jikoni. Nusu ya sherehe ikamfuata.

Mjomba alikuwa amesimama kando ya rundo la kuni, mikono imejaa utomvu. Alen alikuwa keshatoa simu.

"We kijana," Mwanahamisi akamwambia, "rudisha hiyo simu mfukoni, ama nikuimbe mbele ya mchumba wako." Ikarudi.

Mama yule aliuliza swali moja, Edgar akalileta: "Kwa nini?"

Mjomba akamweleza. Habari za koti la marehemu, za kikohozi, za mjane aliyeomba uji. Alieleza akitazama chini, bila sauti ya mtu yeyote, sauti yake tu, na ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani.

Mama akasikiliza tafsiri, akaanza kusema. Alisema maneno machache machache, akimwachia Edgar nafasi.

"Baba yangu alikufa nikiwa tumboni. Zipo picha mbili. Sauti yake haipo popote. Mama yangu hakupenda kuulizwa. Maisha yangu yote, nikimfikiria, alikuwa amenyamaza. Siku ile sikuondoka kwa hasira. Niliondoka kwa sababu alisema."

Edgar akamgeukia. Mama akamwashiria aendelee.

"Anasema, baba alisema, na alikuwa na sauti ya kijana, na ilitoka pale kitandani. Tangu siku hiyo hana nyingine. Nikimfikiria baba yangu anaongea kwa sauti yako. Nikipeleka maua ananiuliza kama yeye ni mbuzi."

Hakuna aliyecheka. Nilimwona mjomba akiinamisha kichwa zaidi, kama anayetafuta tundu la kupitia. Kwa mwaka mzima alikuwa amejitayarisha kwa mtu aliyetukanwa. Kumbe alichokifanya hakikuwa na jina ambalo angeweza kuliombea radhi.

Mama Hannelore akasema tena, na Edgar akasita kabla ya kulitoa.

"Anasema, kwa kuwa sauti umekwishampa, basi mpe na maneno mengine. Mfanye aseme kitu kingine."

Jamani, mtu huyu aliwahi kuwasemea mabaharia mia kwa alasiri moja! Watu wote pale walijua anaweza. Nusu yao walisogea mbele wasikose. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshamtungia sentensi. Neno moja zuri la baba kwa mwanawe, wangelia wote, picha ingepigwa, mradi wa maji ungepita.

 Mjomba akafuta mikono kwenye suruali.

"Mama," akasema, "yule hakuwa baba yako. Yule nilikuwa mimi. Kristofa, mkulima wa karoti, niliyepanda juu ya kitanda cha mtu. Baba yako hajasema neno. Bado amenyamaza vilevile kama ulivyokuwa naye. Ile sauti ni yangu, na nimekuja kuichukua. Siwezi kukuongezea nyingine. Nisamehe."

Edgar alitafsiri. Mama akamwomba arudie. Akarudia. Akakaa kwenye kigogo cha kupasulia kuni, fimbo magotini, akatazama ukungu uliokuwa ukipanda kutoka bonde la Soni, kwa muda mrefu hata wapishi wakarudi kwenye masufuria yao. Kisha akasema neno fupi.

"Anasema atajaribu," Edgar akasema. Akaongeza, kwa sababu sasa alikuwa anapima: "Hakusema amekusamehe, Kristofa."

"Nimesikia."

"Hakusema pia kwamba hajakusamehe," Mwanahamisi akadakia. "Msambaa leo kasema kidogo. Mungu mkubwa."

Mama Hannelore akanyoosha mkono. Mjomba akaupokea kwa mikono yake miwili, akainama juu yake, na uso hakuuinua mpaka mkono ulipoondolewa.

Hapo mwenyekiti akapiga makofi. "Picha ya pamoja! Wageni na wenyeji, picha ya pamoja jamani, mvua inakuja!" Watu wakajipanga mbele ya kanisa, wafupi mbele, kwaya nyuma, mama Hannelore katikati kwenye kiti. Niliona akigeuka kushoto na kulia akitafuta mtu. Edgar naye aliona, akaita kuelekea jikoni.

"Kristofa! Njoo, unaitwa!"

Akaita tena. Nyuma ya jiko shoka lilisikika likipasua kuni, likanyamaza kidogo, kisha likaendelea.